Gari la Spia Halivuki Pangani

Lance Spearman alikuwa na kila kitu ambacho steringi anatakiwa kuwa nacho: kofia ya panama, tai ya kipepeo, sigara nene mdomoni, whisky yenye barafu, na gari aina ya Corvette Stingray. Jarida lake, African Film, lilitolewa na Drum Publications kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Hazikuwa katuni za kuchorwa. Zilikuwa picha za kamera zilizopangwa kama katuni, zenye waigizaji wa kweli na maneno ya Kiingereza kwenye viputo juu ya vichwa vyao. Spia mwenyewe, kama wengi walivyomwita huku kwetu, aliigizwa na Jore Mkwanazi. Picha zilipigwa kusini mwa Afrika, lakini jarida lilisomwa Nigeria, Kenya, Tanzania, na kokote ambako basi au jahazi liliweza kufikisha nakala moja iliyokwisha kushikwa na mikono kumi.

Makala haya hayamhusu Spia. Ameshaandikwa vya kutosha. Nataka kuwazungumzia watu wake wawili: Lemmy, yule kijana, na Sonia, yule dada. Ukisoma African Film leo utawaona wapo, nyuma kidogo ya bega la bwana mkubwa. Mara wanatumwa, mara wanatekwa. Spia anakuja, anapiga watu, anawasha sigara. Kapteni Victor wa polisi anafika kukamilisha taratibu. Basi.

Lakini kuna mfululizo mwingine wa hadithi za Lemmy na Sonia ambao haukuwahi kuuzwa dukani. Ulisimuliwa Mkwaja, kwenye baraza ya duka moja, kwa zaidi ya miaka thelathini, na watu wawili. Kama unapenda katuni za zamani, naomba unisikilize, maana nadhani wazee wale waligundua peke yao jambo ambalo kampuni kubwa za Marekani ziligundua kwa kulipwa.

Mkwaja ni kijiji cha pwani cha wilaya ya Pangani, mkoani Tanga, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ukitoka Pangani mjini unavuka mto hadi Bweni, halafu unashuka kusini kwa barabara ambayo zamani, wakati wa masika, ilikuwa inajiamulia yenyewe nani apite na nani arudi. Mjomba wangu alikuwa karani kwenye ranchi ya ng'ombe ya hapo. Ranchi ile ilianza miaka ya 1950 na kufungwa mwaka 2000, kisha ardhi yake ikaingia kwenye hifadhi, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Mjomba alikuwa amefika darasa la nane la enzi hizo, ana Kiingereza cha kusomea barua za ofisini. Rafiki yake alikuwa fundi wa mashua. Yeye alisoma chuoni tu, akizijua herufi za Kiarabu kuliko za Kizungu, na Kiingereza hakuwa nacho hata cha salamu. Mmoja alimwita mwenzake Karani, mwingine akaitikia na kumwita Fundi, na mimi nimekua nikidhani hayo ndiyo majina yao.

Jarida lilipofika, Karani alishika kurasa na kusoma viputo kwa Kiswahili, Fundi akitazama picha. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya vitabu vya Kizungu vilivyosomwa pwani: mmoja macho, mwingine masikio. Kwa maelezo ya mjomba, ilikuwa toleo la tatu au la nne walilolipata. Spia ameshapigana na watu sita na kofia haijaanguka. Fundi akamkatiza.

"Karani, huyu bwana hapigiki. Hadithi ya mtu asiyepigika inachosha. Hebu niambie, yule kijana kala nini leo?"

Jarida halikusema Lemmy kala nini. Mjomba akajibu tu, kala bada kwa mchuzi wa pweza. Fundi akataka kujua nani kapika. Hapo ndipo ilipoanzia.

Mimi nimezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Nilipopata akili, majarida yenyewe yalikuwa yamekwisha: mengine yameliwa na mchwa, mengine yamefungia karanga. Yalibaki matatu, hayana jalada. Lakini hadithi zilikuwa zimezaana. Wazee walikuwa wamegawana kazi. Karani alimsema Lemmy, Fundi alimsema Sonia. Karani akisema neno la Lemmy, ananyamaza, na hakuna aliyejua Sonia atajibu nini mpaka Fundi akohoe. Fundi hakubadilisha sauti ikawa nyembamba, kama wachekeshaji wanavyofanya wakiigiza mwanamke. Alisema kwa sauti yake ileile, polepole, na sisi watoto tulimwona Sonia kabisa.

Iliyojulikana zaidi ilikuwa ya kivuko. Spia anapata habari kwamba adui yake, Rabon Zollo, amejificha Mkwaja. Anakuja na gari lake kutoka Tanga mjini. Anafika Pangani, kivuko kimeharibika. Gari halivuki. Na Spia bila gari haendi popote, viatu vyake si vya matope. Basi anakaa mgahawani Pangani, anaagiza soda ya moto kwa kuwa barafu hakuna, na anawatuma Lemmy na Sonia wavuke kwa mtumbwi.

Kuanzia hapo steringi hayumo. Hadithi nzima, na ilichukua jioni tatu, ni ya hao wawili wakienda kusini kwa miguu. Ushongo, Sonia anabadilisha viatu vyake vya kisigino kwa madafu manne. Kipumbwi wanadhaniwa ni ndugu wa bwana harusi, wanakaribishwa, wanakula pilau, halafu linapita daftari la michango na hawana hata senti. Lemmy anatafunwa na mbung'o mpaka anaongea peke yake. Wakifika Mkwaja wanamkuta Zollo yuko kitandani, ana homa, na anadaiwa mafuta ya taa dukani. Sonia anamnunulia klorokwini. Zollo anaomba asipelekwe kwa Spia mpaka apone, na wao wanaona ni ombi la haki. Wanasubiri. Katika kusubiri, Lemmy anafundishwa kutia kalafati kwenye mashua. Zollo anapona, anaondoka usiku na mtumbwi wa watu, nao wanarudi Pangani mikono mitupu. Spia anauliza, "Vipi?" Lemmy anajibu, "Hayupo." Wanapanda gari.

Nilipokuwa chuo kikuu nilianza kusoma katuni za zamani za Marekani kwenye intaneti, kwanza kwa ajili ya kazi ya darasani, baadaye kwa ulevi tu. Nilidhani nitawapenda mashujaa. Nikajikuta naruka kurasa zao kuwatafuta watu wa pembeni. Jimmy Olsen, mwandishi kijana wa gazeti la Daily Planet na rafiki wa Superman, alipewa jarida lake mwenyewe mwaka 1954, likadumu mpaka 1974. Lois Lane, wa gazeti hilohilo, alipata lake mwaka 1958. Wote wawili ni watu wa kazi yangu, kwa hiyo nilikuwa na upendeleo.

Halafu nikafika kwenye toleo la 141 la World's Finest, la mwaka 1964. Jalada linatangaza timu ya Olsen na Robin dhidi ya timu ya Superman na Batman. Jimmy, msaidizi wa mmoja, na Robin, msaidizi wa mwingine, wameunda ushirika wao, na wana maficho yao ambayo wakubwa hawayajui. Nilicheka peke yangu usiku ule, chumba kizima cha hosteli kikaniuliza kuna nini. Hao ni Lemmy na Sonia! Ni watu waliotumwa miaka nenda rudi, wakakutana kwenye korido, wakagundua kwamba wana mengi ya kuambiana kuliko waliyonayo na mabosi wao.

Tangu hapo nimezisoma nyingi za aina hiyo, na nitasema ninavyoziona. Kwanza, ni nyepesi, na wepesi wake una sababu. Superman akishindwa, dunia inaisha. Hivyo kila ukurasa wake lazima ubebe dunia. Jimmy akishindwa, anachekwa. Kwa hiyo mwandishi anapata nafasi ya kumwacha akosee, asubiri basi, aazime pesa. Pili, steringi hana rafiki. Ana watu wanaomsubiri. Jimmy ana saa ya mkononi ya kumwita Superman akipatwa na shida, na ukifikiri vizuri huo ni uhusiano wa raia na kituo cha polisi. Urafiki unahitaji wawili wanaoweza wote kuchelewa, wote kuogopa, wote kukosa nauli. Ndiyo maana unauona vizuri zaidi Jimmy anapokuwa na Robin.

Tatu, na hili lazima lisemwe, nyingi ni za ovyo. Jarida la Lois Lane lilimpa mwanamke jina kubwa juu ya jalada, halafu likamtuma hadithi baada ya hadithi kutafuta namna ya kuolewa na Superman. Mwandishi wa habari mahiri, na habari yake kubwa ni pete! Jimmy naye waandishi wake walikuwa wanamgeuza chochote walichoota jana yake. Mwaka 1961 walimgeuza mtu kasa, jitu kubwa lenye gamba, linatembea baharini. Nilipomsimulia mjomba, alicheka mpaka akashika ubavu. Ufukwe wa Madete, upande wa hifadhini, kasa wa kweli hupanda kutaga mayai mchangani. "Angekuja hapa," alisema, "tungemhifadhi."

Kwa hiyo sisemi kwamba Wamarekani walifanya vizuri kila mara. Nasema walijua kwamba kuna njaa ya hadithi za namna hiyo, nao wazee wa Mkwaja walikuwa na njaa hiyohiyo. Tofauti ni kwamba African Film halikuwahi kuwapa chakula. Jambo lililowasaidia ni kwamba hadithi za Spia hazikutaja nchi. Mji wake ni mji wa Kiafrika wenye maghorofa na barabara za lami, hauna jina. Watafiti wanasema ilikuwa ili kila msomaji barani ajione mle. Fundi na Karani walilichukua jambo hilo kwa uzito: kama mji hauna jina, kivuko chake kinaweza kuwa cha Pangani.

Baadaye walipata wahusika wapya. Jarida la Sani lilikuwa letu, kwa Kiswahili, na jina lake lilitokana na waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Mchoraji wake wa mwanzo, Philip Ndunguru, alifariki kijana mwaka 1986, lakini watu wa Sani waliendelea kuchorwa na wengine, na waliosoma miaka ya 1990 wanawakumbuka: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge mtoto mtundu. Hapakuwa na steringi pale. Wote walikuwa watu wa pembeni kwenye jiji ambalo mambo makubwa yanafanywa na wengine, na nadhani ndiyo maana tuliwapenda haraka. Sani alipofika Mkwaja, Fundi hakuona sababu ya kuwaweka kwenye nyumba tofauti. Madenge alishushwa jahazini akitokea Dar es Salaam, akakutana na Lemmy, wakagombania chungwa. Wawili wa majarida tofauti, miaka tofauti, lugha tofauti, na hakuna mwanasheria aliyeulizwa.

Fundi alifariki miaka mitatu iliyopita. Nilichukua siku za likizo nikaenda Mkwaja na kinasa sauti, nikiwa na wazo la kuzihifadhi hadithi zile kabla hazijapotea. Nilikuwa nimepakua pia kurasa za African Film kwenye tableti ili mjomba azione tena. Alivaa miwani, akatazama picha ya Lemmy kwa muda.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mjomba."

"Mbona mtoto hivi?" Akanirudishia tableti. "Wetu alikuwa ameshaota mvi."

Ni kweli. Katika hadithi zao Lemmy alikuwa amezeeka pamoja nao. Ranchi ilipofungwa, mjomba akakaa nyumbani bila kazi, Lemmy naye aliacha kutumwa na Spia mwaka huohuo. Nilikuwa nimelisahau hilo mpaka aliponikumbusha.

Tukaanza kurekodi. Akasimulia ya kivuko. Lemmy akasema neno lake, mjomba akanyamaza. Nikasubiri. Kwenye mkanda unasikika upepo na mtu anapita na baiskeli. Halafu mjomba akasema, "Hapa Sonia anajibu." Akaendelea na maneno ya Lemmy. Nikamuuliza Sonia alijibu nini. "Hilo la Fundi," alisema. Nikasema lakini umelisikia mara mia. Akaniangalia kama nimemwomba nguo za marehemu. "Nimelisikia. Silisemi."

Nina saa tano za sauti za namna hiyo. Lemmy anauliza, anatania, anaomba msamaha, na upande wa pili kuna baiskeli. Kwa kazi yangu nimehoji mawaziri na wafiwa, sijawahi kurekodi kitu kigumu kusikiliza kama kile. Nilishaanza kufikiri kwamba nitaandika makala kuhusu nusu ya hadithi, na kwamba nusu ya Sonia imezikwa.

Binti wa Fundi ana mgahawa mdogo hapo kijijini, na kila Ijumaa humletea mjomba chakula. Siku ya tatu ya kurekodi alifika na hotipoti, akasimama mlangoni akisikiliza. Ilikuwa sehemu ya mtumbwi, Lemmy akimtia moyo Sonia asiogope maji.

"Baba, samahani," alisema. "Hivyo sivyo."

Mjomba akageuka.

"Anayeogopa ni Lemmy. Sonia anavuka mwenyewe. Tena Spia hayupo Pangani. Sonia alishaacha kazi kwake, mshahara wa miezi mitatu hajalipwa."

"Nani kakwambia hayo?"

"Baba."

Ikawa kumbe Fundi alikuwa na hadithi nyingine nyumbani. Dada huyu alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, wa kwanza katika nyumba yao, na alikuwa hajawahi kuvuka mto bila mtu wake. Usiku wa kuamkia safari aligoma kula. Baba yake akakaa mkekani, akamsimulia Sonia anavyovuka Pangani peke yake, amebeba sanduku la bati kichwani, na jinsi wale wa kwenye mtumbwi wanavyomuuliza, "We binti, mwenyeji wako nani huko?" Akatuambia na jibu la Sonia. Mjomba alinyamaza, kisha akasema ndiyo, hilo ni la Fundi, hajaligusa mtu.

Sitaliandika hapa. Dada anataka kwanza watoto wake walisikie kwake.

Lakini amekubali kukaa na sisi. Ijumaa iliyofuata alifunga mgahawa mapema, akakaa kwenye baraza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba mjomba alisema neno la Lemmy akajibiwa. Haikwenda vizuri. Yeye anaijua Sonia ya nyumbani, mjomba anamjua Lemmy wa barazani, na hadithi hizo mbili hazifungani. Kwake yeye, Zollo hakuwa na homa. Alikuwa mwalimu mkuu. Kwake mjomba, hakuna sekondari yoyote. Waligombana kuhusu viatu vya kisigino kwa karibu dakika ishirini, mimi nimeshika kinasa sauti, nikiwaza kwamba hii ndiyo hadithi ya wasaidizi wawili ambayo World's Finest ingeilipia.

Kwa sasa tuna jioni tisa zilizorekodiwa. Nakala moja ninayo mimi, nyingine iko kwenye simu ya dada. Tunazinakili kwenye karatasi, kila hadithi mara mbili, ya barazani na ya nyumbani, ukurasa kwa ukurasa. Kama una mzee nyumbani aliyesoma African Film au Sani, usimuulize alimpenda steringi gani. Muulize aliisoma na nani, na huyo mwingine alikuwa akisema nini.

Mjomba ametoa sharti moja tu kabla hatujachapa chochote. Anakubali Lemmy aogope maji, kama dada anavyotaka. Ila iandikwe kwamba alivuka.